Saa ya Maji na Saa ya Mtoto: Siku Nane Malindi

Siku ya kwanza, Jumamosi

Binti yetu alikuwa ametimiza miezi tisa na wiki moja tulipofunga mizigo, na mume wangu alipoipanga sebuleni tuliona kwamba mifuko mitatu ilikuwa ya mtoto na begi moja tu ndilo lililokuwa letu sisi wawili. Tuliuchagua mwezi wa Januari kwa sababu mbili: majira ya kaskazi huifanya bahari ya Malindi kuwa tulivu na maji yake kuwa safi kuliko wakati wa kusi, na shangazi yake mume wangu, anayeishi mtaa wa Shela, alikuwa ametuambia mara tatu kwenye simu kwamba hakubali kumjua mjukuu wake kwa picha. Jambo ambalo hatukulifikiria ni joto. Mtu wa pwani angetukumbusha kwamba kaskazi huja na jua lake, lakini mume wangu ameishi Nairobi miaka mingi hata amesahau, nami ni mzaliwa wa Nakuru.

Tulipanda treni ya asubuhi, ile inayosimama vituoni, kwa kuwa basi lisingetupa nafasi ya kumsimamisha wala kumlaza mtoto. Katika stesheni ya Nairobi abiria hutakiwa kuipanga mizigo chini kwa mstari ili mbwa wa ukaguzi wainuse, na binti yetu, ambaye nyumbani hulia akimwona paka, alimchekea yule mbwa mpaka askari naye akatabasamu. Safari ya reli ilichukua takriban saa sita. Alilala kuanzia Emali hadi Mtito Andei, akaamka kuwaangalia tembo wa Tsavo bila kuwaona, kwa maana katika umri wake kinachovutia ni kidole chake mwenyewe kwenye kioo na si mnyama aliye nusu kilomita mbele.

Kutoka stesheni ya Miritini tulikodi teksi, tukafunga kiti cha mtoto cha gari ambacho dereva alikitazama kana kwamba tumebeba kiti cha enzi. Foleni ya Mtwapa ilitula zaidi ya saa nzima. Baada ya mashamba ya mkonge ya Vipingo tulivuka daraja la Kilifi, ambalo kabla ya kufunguliwa mwaka 1991 magari yalivushwa kwa feri, na hapo hapo mtoto akaanza kilio kilichoendelea mpaka msitu wa Arabuko-Sokoke ulipojitokeza upande wa kushoto katika mwanga wa mwisho wa jioni. Tuliingia Malindi magharibi imekwisha kuadhiniwa. Nilisema, "Shikamoo Shangazi," naye akampokea mtoto kwanza, akamnusa shingoni, ndipo akanijibu, "Marahaba, mwanangu. Huyu ameiva kwa joto. Mvueni hizo soksi."

Siku ya pili, Jumapili

Tuliamka tukamkuta mtoto amejaa harara shingoni, mgongoni na kwenye mikunjo ya mapaja. Mimi niliogopa nikadhani ni surua. Shangazi hakuinuka hata kwenye kibao cha mbuzi alichokuwa akikunia nazi. Alisema ni jasho la safari, akajaza maji beseni kubwa chini ya mwembe, na mtoto akaoga mara nne siku hiyo, bila sabuni na bila poda, akakaushwa kwa kanga iliyochakaa na kuachwa uchi kwenye mkeka kivulini. Kufikia jioni vipele vilikuwa vimefifia. Kama tungekuwa hotelini, nina hakika tungekesha tukisoma mambo ya kutisha kwenye simu.

Hapo ndipo mpango wetu wa kwanza, ulioandikwa kwenye karatasi kwa saa na dakika, ulipovunjika. Shangazi aliusoma akiwa amevaa miwani yake ya kushonea, akauliza ni nani atakayempeleka mtoto kutembea saa sita mchana mwezi wa Januari. Akatupa utaratibu wake mwingine: kutoka nyumbani alfajiri na kurudi kabla ya saa nne, ama kutoka baada ya saa kumi alasiri, katikati ni kulala, kula na kukaa barazani. Jambo lolote la bahari liulizwe kwanza saa ya maji kujaa na saa ya maji kupwa. Tulibakia na saa mbili za kufuata, ya maji na ya mtoto, na hazikuwa zikikubaliana kila siku.

Alasiri tulikwenda mjini kwa tuktuk, tukakiacha nyumbani kile kigari cha mtoto cha magurudumu manne ambacho tulikibeba kutoka Nairobi kwa gharama na aibu, kwa sababu vichochoro vya mji wa kale vina mchanga, vizingiti na mifereji. Nilimbeba mtoto kwa mbeleko, kama Shangazi alivyonifunga, na nilishangaa kwamba mgongo wangu haukuuma. Kando ya Msikiti wa Juma, karibu na ufuo, yapo makaburi mawili ya nguzo, aina ya ujenzi inayoonekana katika miji ya kale ya Waswahili kutoka kaskazini ya mwambao hadi Kaole na Kunduchi upande wa Tanzania. Nguzo ndefu imesimama peke yake katikati ya nyumba, mikokoteni na sauti za watoto wa mtaa, wala hakuna anayeishangaa isipokuwa mgeni.

Tulipita pia kwenye bustani iliyo na sanamu ya Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama aliyewaongoza watu wake kuukataa utawala wa Waingereza mwaka 1913, akakamatwa na kupelekwa Kisii pamoja na Wanje wa Mwadorikola, kisha akatoroka na kurudi pwani. Wagiriama husimulia kwamba alikwenda mbele ya mkutano na kuku mwenye vifaranga, akamwambia mkuu wa Kizungu achukue kifaranga kimoja, na mkuu alipounyosha mkono kuku akamdonoa. Ndivyo mama atakavyofanya, alisema, ukija kuwachukua wanawe. Nilikuwa nimeisikia hadithi hiyo shuleni. Kuisikia tena huku kifaranga changu kinanivuta hereni kulikuwa jambo tofauti.

Siku ya tatu, Jumatatu

Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa njiani kuelekea Nguzo ya Vasco da Gama. Imesimama kwenye mwamba wa matumbawe uliochomoza baharini, umbo lake ni la pia iliyogeuzwa, na juu yake upo msalaba wa mawe yaliyoletwa kutoka Ureno. Njia ya kuufikia ni nyembamba na upande wa bahari hauna kizuizi cha kutegemewa, kwa hiyo ninawashauri wazazi wenye mtoto anayetambaa wasimteremshe hapo hata kwa dakika moja. Mume wangu alimshika kifuani, akampa mgongo upepo, na jua likatoka baharini mbele yetu.

Da Gama alifika hapa mwezi wa Aprili 1498 baada ya kupokewa kwa uadui Mombasa, na mfalme wa Malindi, aliyekuwa na ushindani wa muda mrefu na Mombasa, akaona faida ya kuwa na marafiki wenye mizinga. Alimpa rubani aliyeijua njia ya Bahari ya Hindi, na mwezi uliofuata merikebu za Wareno zikafika Calicut. Nimekuwa nikifundishwa tangu utotoni kwamba rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, ingawa wanahistoria wengi hawakubali tena. Malipo ya urafiki ule yaliifikia Malindi baadaye kwa njia isiyotarajiwa: mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa, wakahamia huko wao na mfalme rafiki yao, na Malindi ikapungua hadi ikawa karibu magofu matupu. Mzee aliyekuwa akivua kwa mshipi chini ya mwamba alisema kwa kifupi kwamba Malindi ilimpa mgeni njia, na mgeni akaondoka na mwenye nyumba.

Saa mbili tulikuwa katika kanisa dogo la Wareno lenye paa la makuti, ambalo huhusishwa na safari ya mmisionari Francis Xavier aliyepita hapa mwaka 1542 akielekea India. Ni jengo la kuingia na kutoka, lakini kivuli chake ni kizuri, na mtoto alinyonya hapo nje chini ya mti mpaka akalala. Tuliutumia usingizi huo kuingia makumbusho ya Malindi, katika jengo la kale lenye nguzo mbele, lililo karibu na bahari. Ndani mna samaki aina ya silakanti aliyenaswa katika maji ya Malindi mwaka 2001. Wataalamu walidhani jamii yake ilikwisha pamoja na dinosaria, mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Nitasema ukweli, samaki huyo ana sura mbaya, na mume wangu alishukuru kwamba mtoto amelala.

Kilichonigusa zaidi kilitokana na mdoli wa mtoto. Binti yetu alisafiri na twiga mdogo wa kitambaa ambaye humtafuna masikio wakati meno yanapomsumbua. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpeleka twiga hai hadi China kwa mfalme Yongle, na Wachina wakamwona kuwa ndiye mnyama wa baraka wa katika ngano zao. Sisi tulishindwa kumsafirisha mtoto mmoja kutoka Kilifi hadi Gede bila kilio. Niliwafikiria wale mabaharia na mnyama wao sitahani, na majani ya kumlisha kwa miezi kadhaa.

Jioni mwezi uliandama. Shangazi alimpeleka mtoto uani kuuona, akatuambia kwamba kesho na kesho kutwa maji yatakuwa ya bamvua, yatapwa mbali, kwa hiyo kama tunataka kuona mwamba ndio wakati wake.

Siku ya nne, Jumanne

Hifadhi ya bahari ya Malindi ilitangazwa mwaka 1968, pamoja na ile ya Watamu, zikiwa za kwanza nchini Kenya. Maji yalitarajiwa kupwa kabisa karibu na saa nne na robo, na mashua zenye kioo chini huondoka mapema kidogo ili zifike matumbawe yakiwa karibu na uso wa maji. Tulifika ufuoni saa mbili na nusu, tukapatana bei, na hapo ndipo nilipouliza koti la kuokolea la mtoto. Mwenye mashua alinionyesha moja la mtu mzima akasema tutalikunja. Niliposema haiwezekani, alijibu kwamba yeye amewabeba watoto wachanga kuliko huyu na hakuna aliyezama. Sikutaka binti yangu awe wa kwanza. Alikasirika, akaniita mwoga mbele ya abiria wengine, na ninakiri nilijisikia hivyo kwa muda wa kama dakika tano.

Mume wangu alikwenda peke yake, nami nikabaki chini ya mivinje. Aliporudi alisimulia pono wa rangi ya kijani na buluu, vitatange wenye milia na chewa aliyejificha pangoni. Alisema pia kwamba palikuwa na sehemu kubwa za matumbawe yaliyokufa, na nahodha aliwaeleza kuhusu joto la bahari la mwaka 1998 lililoyafanya yapauke. Mimi nilikuwa na safari yangu. Maji yalipokimbia yaliacha vidimbwi vya kina cha kiganja, vyenye joto la maji ya kuoga, na binti yetu alikaa kwenye kimojawapo akiwa na kofia na shati la mikono mirefu, akapiga maji kwa viganja, akamfukuza kaa mdogo kwa macho. Akina mama wawili waliokuwa wakitafuta pweza kwa vijiti walisimama kumsalimu, na mmoja akaniambia nisimruhusu ashike kombe lenye ncha, maana mengine huuma. Hilo sikulijua. Nilimwondoa kidimbwini na tukaendelea na mchanga.

Zamu yangu ya mashua haikuja, kwa kuwa maji yalikwisha kugeuka na saa nne na nusu jua lilikuwa limetufukuza.

Siku ya tano, Jumatano

Kama msafiri mwenye mtoto ana siku moja tu Malindi, ningemwambia aitumie Gede. Mji huu wa mawe ulio kama kilomita 16 kusini ya Malindi uliishi tangu karne ya 12 au ya 13 hadi ya 17, ukaachwa, ukamezwa na msitu. Na msitu huohuo ndio unaomsitiri mtoto mchanga hadi saa nne na nusu asubuhi, ambapo ufuoni asingeweza kukaa. Tuliingia saa mbili. Njia ni tambarare, zimefunikwa na majani makavu, na sauti inayosikika ni ya hondohondo na kima.

James Kirkman alichimba hapa kuanzia mwaka 1948, na nyumba nyingi zimepewa majina kwa vitu vilivyopatikana ndani yake: nyumba ya kauri, nyumba ya mkasi, nyumba ya sanduku la pembe za ndovu, nyumba ya ushanga wa Venice. Lipo kaburi lililoandikwa mwaka wa Hijria 802, ambao ni 1399. Msikiti mkuu una kisima pembeni na mahali pa kuoshea miguu. Nyumba zina vyoo vya mawe na mifereji ya kupitishia maji. Nilivichunguza vyoo hivyo kwa makini kuliko kasri, kwa sababu mtu aliyebadilisha nepi kwenye kiti cha nyuma cha tuktuk hutambua ustaarabu mahali ulipo. Mwongozaji wetu, kijana wa Kigiriama mwenye subira, alitueleza kwamba Wareno walikaa Malindi, mwendo wa saa chache tu, wala hawakuutaja mji huu katika maandishi yao. Sababu za kuachwa kwake zinazotajwa ni kushuka kwa maji ya visima, vita na uvamizi kutoka kaskazini. Yeye binafsi aliamini kisima, akatuonyesha jinsi kilivyozidi kuchimbwa. Mwaka 2024 Gede iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, na kijana huyo alilisema jambo hilo kama mtu anayetangaza kuzaliwa kwa mtoto wa nduguye.

Ndani ya kasri kima mmoja alishuka ukutani. Sote tulidhani anafuata ndizi niliyokuwa nikimponda mtoto, nikaificha. Yeye akamchukua twiga. Alipanda naye juu ya mti uliokumbatia ukuta, akamkagua, akamng'ata sikio lilelile ambalo binti yetu hulipenda, akamwacha kwenye tawi na kuondoka. Mtoto hakulia; alicheka, kisha akalala. Mwongozaji alitupa kijiti mara mbili, akakata tamaa, akasema kwa heshima kubwa kwamba twiga amebaki Gede. Mume wangu alisema walau huyu hakufika China.

Karibu na lango tulitembelea mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993. Wakulima wanaoishi kando ya Arabuko-Sokoke hufuga viwavi, wakauza mabundo, yaani kiwavi akiwa amejifunga kabla ya kuwa kipepeo, ambayo husafirishwa kwenda maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani. Mantiki yake ni rahisi: viwavi hula majani ya miti ya msituni, na mwenye kuuza kipepeo ana sababu ya kutokata mti. Binti yetu aliamka ndani ya kile kibanda cha wavu, akaona mabawa kila upande, akanyamaza kabisa kwa muda mrefu kuliko wakati mwingine wowote akiwa macho.

Siku ya sita, Alhamisi

Homa. Ilianza saa tisa usiku, na kwa kuwa tuko pwani, hatukukisia wala kusubiri. Alfajiri tulimpeleka kliniki akapimwa malaria. Hakuwa nayo. Jino la juu lilikuwa linatoka. Ninaandika hili kwa sababu nilijaribiwa kusema ni meno tangu mwanzo, na muuguzi alinieleza kwa ukali unaostahili kwamba kila mama husema ni meno. Tangu tulipowasili mtoto alikuwa akilala ndani ya chandarua kidogo cha kukunja kinachofanana na kawa la kufunikia chakula, nasi tungefanya hivyo hata kama vipimo visingetutisha.

Siku nzima tulikaa nyumbani. Shangazi alimpikia mseto wa choroko mlaini, akala vijiko vitano. Mchana alimshika makwapa, akamsimamisha barazani, akaimba dede, dede, na mtoto akakunja magoti kila mara. "Huyu hataondoka Malindi kabla ya kusimama," alisema Shangazi, kama mtu anayetoa amri.

Siku ya saba, Ijumaa

Homa ilikuwa imekwisha tangu usiku, na tulijadiliana kwa muda kama tumpeleke Marafa au tusimpeleke. Shangazi alikuwa upande wa kutompeleka. Tulikwenda, kwa sharti kwamba akionyesha dalili yoyote tutageuza gari. Dereva alisali Ijumaa kwanza, tukaondoka saa tisa, tukavuka mto Sabaki ambao maji yake mekundu hubeba udongo wa bara hadi baharini; ndio unaozipaka fukwe za kaskazini ya mji rangi ya kahawia majira ya mvua.

Marafa ni bonde lililochimbika ghafla katika ardhi tambarare. Wagiriama hupaita Nyari. Hakuna dalili ya kukuonya: unapita mashamba ya mihindi na mihogo, nyumba za makuti, kuku, kisha ardhi inaisha miguuni pako, na chini kuna kuta na minara ya mchanga mgumu, myeupe, ya waridi, ya machungwa na myekundu iliyokolea. Mvua na upepo ndivyo vilivyoichonga na bado vinaichonga. Wenyeji husimulia kwamba hapo pamekaa jamaa tajiri wa ng'ombe waliooga kwa maziwa badala ya maji, mpaka Mungu akakasirika na ardhi ikawameza. Weupe ni maziwa na wekundu ni damu.

Kushuka chini na mtoto mgongoni niliona si busara, kwa kuwa njia ina changarawe inayoteleza na joto la mchana hubaki limefungiwa humo. Mume wangu alishuka na mwongozaji. Mimi nilikaa ukingoni, mbali na ncha, mbeleko imefungwa vizuri. Kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili rangi zilibadilika kila nilipogeuka kumtazama mtoto na kurudisha macho. Mwanamke mmoja mwenye duka la soda aliniletea kigoda bila kuombwa, akaniuliza mtoto ana miezi mingapi, akasema wake wa nne ana kumi na hajaota hata jino moja. Tulizungumza meno mpaka jua likazama, na mpaka leo nikiiona picha ya Marafa ninayakumbuka meno ya mtoto wa mtu mwingine.

Siku ya nane, Jumamosi

Treni yetu ilikuwa ya saa tisa alasiri, na maji ya ghuba ya Mida yalijaa saa moja na nusu asubuhi, kwa hiyo kwa mara ya kwanza saa zetu mbili zilipatana. Tulimuaga Shangazi gizani. Alimpaka mtoto wanja kwenye paji la uso, alama moja nzito upande wa kulia, kumkinga na macho ya watu wa treni. Nilipotaka kusema neno, mume wangu alinikanyaga mguu.

Mida iko kusini kidogo ya Gede. Wenyeji wamejenga daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko, na maji yakiwa yamejaa unatembea juu ya bahari yenye miti. Mwongozaji alitutajia mkoko wenye mizizi kama miguu ya buibui, mchu unaotoa vijiti vya kupumulia kutoka matopeni na mkandaa ambao maganda yake yalitumika kutengenezea rangi. Daraja lilitikisika kidogo kwa kila hatua, na mtikisiko huo ulimlaza mtoto kuliko pembea yoyote. Mwishoni kuna kibanda cha kutazamia ndege. Tulikaa hapo kama dakika 40, maji yakaanza kuondoka polepole chini ya mbao, mchanga ukajitokeza upande wa pili wa ghuba, na ndege wenye miguu mirefu wakateremka kula. Hatukuzungumza. Kumuamsha ilikuwa hasara.

Kile kigari cha mtoto tulikiacha Shela. Shangazi alisema atakitumia kubebea maembe.

Treni ilikuwa imekwisha kuipita Voi, na jua lilikuwa limeinama upande wa Tsavo, mtoto alipoamka, akateremka mapajani mwa baba yake, akashika ukingo wa kiti na kujivuta. Kisha akauachia. Alisimama dede, magoti yakitetemeka, wanja umemsambaa mpaka kwenye nyusi, kwa muda ambao mume wangu aliuhesabu hadi nne na mimi hadi sita, akaketi kwa kishindo. Tulijaribu kumpigia Shangazi lakini simu haikushika mtandao mpaka karibu na Emali. Alisikiliza habari yote bila kutukatiza, akauliza kama ule wanja bado upo.